Malkia wa Kuzimu Ameshika Hindi

Tangu nitundike chapa yangu ya Persephone hapa Eldoret, maneno yamekuwa mengi kuliko wanunuzi.

"Mbona hana fuvu?" Kwa sababu mifupa na mundu mrefu ni mapambo ya wachoraji wa Ulaya, karne nyingi baadaye. Wagiriki wenyewe walimpa Mauti sura ya mwanamume mwenye mbawa, Thanatos. Malkia wa kuzimu, Persephone, walimchora binti mzuri, mkononi masuke au komamanga.

Wengine, tena wasomi, husema chapa ni fotokopi tu. Hao hawajashika patasi. Kwenye ubao, unapochonga patabaki peupe. Usipogusa ndipo patakapopata wino. Kwa hiyo giza la kuzimu sikulichora, nililiacha. Nilichochimba ni mwanga: shavu, vidole, punje za komamanga. Tena unachonga kinyume, kushoto kuwe kulia, na patasi ikiteleza hakuna kifutio. Mwaka 1516 mchoraji Dürer alitumia bamba la chuma lililoliwa na tindikali kumwonyesha Persephone akitekwa. Naye alikuwa mpiga fotokopi? Na Mkenya mwenzetu Dennis Muraguri, na matatu zake za kuchonga kwenye mbao?

Linaloniudhi hasa ni hili: "Hadithi ya Wazungu, yatuhusu nini?" Mtu anasema hivyo hapa Uasin Gishu, penye mashamba ya nafaka! Mama yake Persephone ni Demeter, mwenye nafaka. Hades, mfalme wa kuzimu, alipomteka bintiye, mama alisusa, mashamba yakakataa kuotesha. Binti akarudishwa, lakini alishaonja komamanga la kuzimu, basi kila mwaka theluthi moja hukaa huko. Miezi minne. Ihesabu kwa kalenda yetu: Desemba hadi Machi, mabua yamekauka, vumbi tupu, mkulima anaulizia bei ya mbolea. Mvua ikishuka, mbegu inazikwa, kisha inachomoza. Ndiyo maana wangu ameshika hindi. (Najua, Wagiriki wa kale hawakuyaona mahindi kamwe. Ngano ingekuwa sahihi zaidi, na ngano tunayo. Ila hindi ndilo nililolipukuchua tangu utotoni.)

Mama mmoja alinionya kwamba naalika kifo nyumbani. Huyo sikumcheka. Hata Wagiriki waliogopa kulitaja jina la Persephone, mara nyingi wakamwita Kore, yaani msichana. Ila kumchora hawakuacha. Chini ya chapa, kwa penseli, pamoja na namba ya nakala, nimeandika hilo tu: Kore, 3/12.