Tusiwachanje mabinti tukawasahau mama zao

Mwaka 2011 nilikuwa nikifundisha darasa la sita wakati Rwanda ilipoanza kuwachanja wasichana shuleni dhidi ya virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Nchi yetu ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuifanya chanjo hiyo kuwa ya taifa zima. Niliwapanga wasichana mstari, nikawashika mikono walioogopa sindano, na jioni nikarudi nyumbani nikijiona nimetimiza wajibu wangu.

Kumbe mimi mwenyewe sikuwa nimechanjwa wala kupimwa.

Nilizaliwa na kusomea ukimbizini Karagwe, Tanzania, tukarejea nyumbani mwaka 1995. Chanjo hii ilipoanza kutumika duniani mwaka 2006, wanawake wa rika langu tulikuwa tayari watu wazima. Kule Karagwe, shangazi yangu aliyenilea alitokwa damu miezi mingi ilhali alikwisha koma hedhi. Aliona aibu kusema. Alipofikishwa hospitali, hakukuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu.

Ndugu msomaji, saratani hii haiji kwa siku moja. Virusi vikibaki mwilini, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Katika muda huo wote mama haoni maumivu yoyote, lakini kipimo kinaweza kuonyesha mabadiliko, nayo yakaondolewa kabla hayajawa saratani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wapimwe kuanzia miaka 30, na wenye VVU kuanzia miaka 25.

Shirika hilo hilo linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika. Baba anayevuta sigara, kijana anayeshinda kwenye pombe, mtoto asiyechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B, wote hao tunaweza kuwasaidia mapema. Lakini kwa mlango wa kizazi njia iko wazi zaidi, na bado tunachelewa.

Pendekezo langu ni dogo. Siku ya chanjo shuleni, kila msichana apewe barua ya kumpelekea mama yake, ikimwalika kituo cha afya kupimwa. Wahudumu wa afya wa jamii wafuatilie barua hizo nyumba kwa nyumba, na baada ya umuganda jambo hili lizungumzwe hadharani, wanaume wakiwepo. Mume anayemzuia mkewe kupimwa kwa kisingizio cha aibu ajue kwamba aibu hiyo ndiyo iliyomuua shangazi yangu.

Wapo watakaosema mwalimu ashike chaki na kumwachia daktari sindano. Nawajibu kwamba barua ya shule hufika hata katika nyumba ambayo daktari hajawahi kuikanyaga.

Mimi nilikwenda kupimwa nikiwa na miaka 43. Kipimo chenyewe kilichukua muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha hesabu. Mama unayesoma makala hii, je, wewe utakwenda lini?