Maswali ya Umri Mrefu Tuyaulize Sisi Pia

Mtu akisikia habari za utafiti wa umri mrefu hudhani ni mambo ya matajiri wa ng'ambo wasiotaka kufa. Akiambiwa kwamba kuna wasomi wanaoomba ufadhili ili wachunguze kwa nini binadamu huzeeka, hucheka. Mimi nasema tusicheke. Jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi ufuoni mwa Ziwa Viktoria.

Kwanza tuelewane. Mtu akishapata shahada ya uzamifu, yaani ile ya kuitwa daktari bila kutibu mgonjwa, bado huwa mwanagenzi. Hutafuta ufadhili wa miaka miwili au mitatu afanye utafiti karibu na mtaalamu aliyekomaa. Katika ombi lake hueleza swali lake ni lipi, atalijibu kwa njia gani, gharama ni kiasi gani, na ni nani watakaomdhamini. Swali likiwa hafifu, ombi hutupwa. Kumbe basi mwenye kuuliza ndiye anayeamua kitakachochunguzwa!

Tazameni mfano huu. Katika vidimbwi vya mvua vya Zimbabwe na Msumbiji kuna samaki mdogo wa jamii ya Nothobranchius, aishiye miezi michache tu. Kidimbwi kikikauka yeye hufa, na mayai yake hubaki udongoni yakingoja mvua. Kwa kuwa anazeeka upesi, wataalamu wa taasisi ya Max Planck huko Cologne, Ujerumani, humfuga ili wachunguze uzee. Samaki ni wa Afrika, maabara ni ya Ulaya. Si dhambi, lakini inafikirisha.

Na hapa kwetu je? Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia unapita Kisian, penye taasisi ya KEMRI. Mwaka 2001, KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walianza kuwaandikisha watu wa Asembo na Gem: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na aliugua nini. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa huko huko, na vifo vya watoto vikapungua. Nyanya zetu wamejibu maswali mengi na kutolewa damu. Watafiti Wakenya wamo, tena hodari. Lakini pesa nyingi hutoka ng'ambo, na mwenye pesa ana sauti.

Wapo watakaouliza, "Mbona tuhangaike na uzee na malaria bado inaua watoto?" Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtoto aliyeokolewa na chandarua mwaka 1998 sasa ni mtu mzima, naye atazeeka. Vilevile, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimewafikisha miaka 60 watu wengi wa Nyanza waliodhaniwa hawatafika. Je, mtu aliyemeza dawa hizo kwa miaka 20, moyo wake, mifupa yake na kumbukumbu zake zinazeekaje? Na akiongezewa dawa za presha na za sukari? Hilo ndilo swali letu la umri mrefu, na samaki wa Cologne hawezi kulijibu peke yake.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda hiki tunakilalia sisi. Profesa Thomas Odhiambo, aliyesoma Maseno, alianzisha ICIPE mwaka 1970 ili Waafrika wachunguze wadudu wao wenyewe, na leo kituo cha Mbita kando ya ziwa kina jina lake.

Kwa hivyo, wenzangu, tusikimbie Biolojia na Hesabu eti ni ngumu. Wala tusidharau Kiswahili na Dholuo, kwani mtafiti asiyeweza kumweleza mzee kwa nini anamtoa damu hana haki ya kuitoa. Nao walezi wa klabu yetu nawaomba jambo moja: muhula ujao tualikieni mtafiti kutoka Kisian aje atuonyeshe jinsi ombi la ufadhili linavyoandikwa. Sisi tutamwandalia maswali.