Macho Mekundu: Mama Anayenyonyesha Asimwachishe Mtoto Ziwa

Mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu uliotangazwa na Wizara ya Afya mwezi Januari 2024, baada ya wagonjwa kuongezeka kwa kasi jijini Dar es Salaam, uligusa pia kundi ambalo matangazo ya jumla hulitaja kwa nadra: akina mama wanaonyonyesha. Mama anapoamka macho yamevimba na kujaa tongotongo, hutokea akashauriwa na walio karibu naye amwachishe mtoto ziwa. Ushauri huo hauna msingi wa kitabibu.

Virusi vya adeno, ambavyo ndivyo kisababishi kikuu cha ugonjwa huo, havienezwi kwa maziwa. Huenezwa kwa mikono, taulo, mito na, kwa mazingira yetu, khanga. Ncha ya khanga iliyofuta macho ya mama ndiyo hiyo hiyo inayofuta mdomo wa mtoto. Mama akiacha kunyonyesha na kuendelea kumbeba mtoto kwa mikono isiyonawiwa, hatari inabaki pale pale, na mtoto amepoteza chakula na kinga. Kinachotakiwa ni kunawa kwa sabuni na maji tiririka kila kabla ya kumshika, na kutenga kitambaa cha kila mmoja.

Kuhusu matibabu, ugonjwa huu kwa kawaida hupona wenyewe ndani ya wiki 1 hadi 3, na antibiotiki haziui virusi. Kitambaa safi kilicholowekwa maji safi ya baridi hupunguza maumivu. Kukamulia maziwa ya mama machoni, desturi ambayo bado ipo, si tiba na huweza kuongeza vimelea.

La kuogopwa zaidi ni matone yenye steroidi yanayonunuliwa bila cheti cha daktari. Ikiwa chanzo ni virusi vya hepesi, matone hayo yanaweza kuharibu kioo cha mbele cha jicho. Hepesi ndiyo pia inayoweka mpaka katika kunyonyesha: ziwa lenye vidonda vyake lisinyonywe hadi vipone, ila ziwa lisilo na vidonda linaendelea. Asikilova, dawa ya virusi hivyo, inaweza kutumiwa na anayenyonyesha kwa maelekezo ya daktari.

Maumivu makali, kuona ukungu au kushindwa kuvumilia mwanga ni sababu ya kwenda hospitali bila kusubiri. Mtoto wa chini ya siku 28 anayetokwa usaha machoni naye apelekwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa chanzo chaweza kuwa kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, ambacho hupofusha ndani ya siku chache.