AKILI NAYO YATAKA PALIZI

Wanachama wenzetu, kila mwaka twakumbushana juu ya kupalilia mashamba, kupanda miche penye mikarafuu iliyokufa, na kuanika karafuu juani kwenye majamvi safi. Hayo ni mema, wala hatutachoka kuyasema. Lakini liko shamba jingine tunaloliacha liote magugu huku tunalitazama, nalo ni akili zetu wenyewe.

Imezuka desturi siku hizi. Mwenye shamba, awe bwana au bibi, akishapita miaka sitini, daftari hupewa kijana, hesabu hupewa simu, na yeye hubaki kutia sahihi pale anapoonyeshwa. Watoto hufanya hivyo kwa mapenzi, wakidhani wampumzisha mzee wao. Sisi tunasema kuupumzisha mwili wa mzee ni heshima, bali kuipumzisha akili yake ni kumdhulumu.

Tena dhara hilo si lake peke yake. Mkarafuu huishi zaidi ya aliyeupanda. Khabari za mpaka ulipo, mti gani umekodishwa na kwa misimu mingapi, na nani aliyepanda ile ya bondeni, mara nyingi hazimo katika karatasi yoyote. Zimo kichwani mwa mtu mmoja. Kichwa hicho kikizimika, warithi hugombana.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na The Lancet, jarida la uganga la Uingereza, lilitoa ripoti juu ya maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Walitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, wakakadiria kwamba yakirekebishwa yote, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepukana na maradhi hayo au yangewachelewa. Miongoni mwa mambo hayo ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, upweke, kukaa bila ya kuutumia mwili, uhaba wa elimu, kutosikia vyema, kutoona vyema, na kuumia kichwa. Hili la mwisho latuhusu mno sisi ambao msimu haupiti bila ya kusikia kuwa mchumaji kaanguka mtini. Kamba madhubuti, na kulijaribu tawi kabla ya kulikanyaga, ni ulinzi wa shingo na wa akili pia.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuirudie hesabu ya kichwa. Wachumaji wakirejea jioni, mzee akae penye kupimia. Huyu kaleta pishi 13, yule pishi 9, yule pishi 16 na nusu. Ajumlishe mwenyewe, apate pishi 38 na nusu, ndipo kijana ahakikishe kwa simu. Tena kabla ya kuchuma autazame mti, akadirie utatoa pishi ngapi, aandike, ukishachumwa alinganishe. Na kwa kuwa karafuu mbichi kilo 3 hutoa takriban kilo 1 kavu, ajue kabla ya kufika kituoni mizani itasema nini. Ajuaye uzito anaoutarajia huliona kosa mara moja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, bao. Mashimo 32 na kete 64 humtaka mchezaji ahesabu, akumbuke na atazame mbele. Hatusemi bao ni dawa ya maradhi yoyote. Twasema ni bora kuliko kukodolea macho ukuta, na tena humkutanisha mtu na wenziwe, nako kukutana na watu ni kinga ya upweke tulioutaja.

Tatu, kujifunza jambo jipya. Anayeisoma sura ile ile kila siku na ahifadhi nyingine. Anayejua kusoma na awasomee wenziwe barazani gazeti hili kwa sauti, kisha wajadiliane. Ajuaye kuutambua mti mgonjwa kwa majani yake na amfundishe mjukuu, kwani afundishaye hulazimika kukumbuka.

Nne, mwili. Tulizungukie shamba kwa miguu. Tupime shinikizo la damu hata tukijiona wazima, maana mara nyingi halina maumivu. Aliyepungukiwa na macho avae miwani. Aliyepungukiwa na masikio aende akatazamwe. Asiyesikia vizuri huona haya kuuliza mara mbili, akaacha kuja barazani, na hapo ndipo akili huanza kulala.

Wako wasemao kuwa uzee na usahaulifu ni majaaliwa ya Mungu. Hatubishi. Lakini na mvua ni majaaliwa yake, wala hatujamwona mkulima aliyeacha kupalilia kwa sababu hiyo. Kadhalika wako waliofuata mema yote haya na maradhi yakawafika. Hao si wa kulaumiwa. Mzee anayepotea njia aliyoizoea, au anayerudia swali lile lile mara kwa mara, apelekwe hospitali. Asichekwe, wala pasitajwe uchawi.

Shauri letu ni hili. Kabla ya msimu, katika mkutano wa kila tawi, kila mwanachama aliyetimia miaka sitini aje na kijana wake na daftari. Mzee ataje idadi ya mikarafuu yake, mipaka yake na miti aliyoikodisha, kijana aandike. Asemaye awe mzee, na kalamu iwe kwa kijana. Karatasi hiyo itawafaa warithi kesho, na kule kuikumbuka kutamfaa mzee leo.

Wabillahi taufiki.