Roboti la Mabomu na Vichochoro vya Mji Mkongwe

Mwaka 1972 ofisa wa jeshi la Uingereza, Luteni Kanali Peter Miller, alichukua fremu ya toroli la umeme akaifanya chombo cha kuyaendea mabomu yaliyotegwa ndani ya magari huko Ireland ya Kaskazini. Mtu akabaki nyuma, chombo kikatangulia. Maroboti ya leo ni wajukuu wa toroli hilo. Kazi yao hasa si kulipua: hurusha mkupuo wa maji kwa kasi kubwa mno, ukatawanya betri na nyaya kabla mkondo wa umeme haujakifikia kiwashio.

Maji hayafaulu kila mara. Kwa hiyo mahali pa kazi pana uzito sawa na chombo chenyewe, na hapo ndipo mazoezi ya pamoja ya majeshi yanapostahili kuhojiwa. Mwaka 2025 Tanzania ilikuwa miongoni mwa wenyeji wa mazoezi ya Justified Accord, pamoja na Kenya na Djibouti. Roboti likijaribiwa uwanjani, penye ardhi tambarare na upeo mpana, hupendeza macho. Lakini Kiponda na Mkunazini si uwanja. Huko njia hupinda kila hatua chache, baraza za mawe huipunguza, na kuta nene hudhoofisha mawimbi ya redio yanayoliongoza roboti.

Tena mlipuko kichochoroni haufanani na mlipuko wa uwanjani. Wimbi la mgandamizo, likikosa pa kutawanyikia, hudundishwa na kuta za pande mbili na kuzidi nguvu. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zimechoka. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883 na kunusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 pasipo bomu lolote, na watu wawili wakafariki.

Hapana budi, basi, wenyeji wawe na masharti yao. Kabla ya kumkaribisha mgeni na mtambo wake, na wamkabidhi vipimo: upana wa njia, kimo cha vidato, ukali wa kona. Kazi hiyo haihitaji dola hata moja. Wanafunzi wa kidato cha tatu, wakiwa na futi ya kamba, daftari na mwalimu wao wa fizikia, wanaiweza katika likizo moja.