Somo la Rangi Lianze na Maji

Katika shule zetu nyingi somo la rangi za maji huanza na kisanduku cha rangi na kumalizika na karatasi iliyojikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Baina ya mwanzo huo na mwisho huo huwapo mtoto aliyejitahidi kwa dakika thelathini na tano, na mwalimu ambaye, kwa haraka ya kipindi, huandika chini ya kazi ile kwamba mwanafunzi yuko chini ya matarajio. Hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Mtoto amepimwa kwa jambo ambalo hakufundishwa. Alifundishwa majina ya rangi, akafundishwa ipi huzaliwa na zipi, lakini maji, ambayo ndiyo yanayofanya kazi yote katika uchoraji wa namna hii, hakuna aliyemwambia lolote juu yake.

Neno hili lingekuwa dogo lau sanaa ingali somo la kupitishia wakati Ijumaa alasiri. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa mwishoni mwa darasa la nane. Masomo ya mtihani huo yalipopunguzwa mapema katika miaka ya 2000, vipindi vya sanaa viligeuka kuwa vya marudio ya hisabati, ijapokuwa katika ratiba iliyobandikwa ukutani viliendelea kuitwa sanaa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 baada ya majaribio, umeirudishia sanaa heshima yake na hata kuiwekea, pamoja na michezo, mkondo wake katika shule ya upili. Sasa basi, mtoto anayeambiwa katika gredi ya tano kwamba hana mkono wa sanaa, atauchaguaje mkondo huo afikapo gredi ya kumi? Tunafunga mlango kwa sababu ya ndoo ya maji ambayo hakuna aliyeieleza.

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya maji ni chembe laini za rangi zilizosagwa na kushikanishwa kwa gundi. Gundi inayotumika tangu zamani ni ile itokayo katika mti wa mgunga, ambayo wafugaji wa Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir huikusanya katika nyika zao. (Ni watoto wangapi wa huko wanaojua kwamba utomvu ule wanaoutafuna machungani ndio uliomo katika visanduku vya rangi tunavyoviagiza kutoka ng'ambo kwa bei ghali?) Maji yakiguswa, gundi huyeyuka na chembe zikawa huru. Kuanzia hapo zitaelea, zitasafiri na kutua pale maji yatakapozipeleka. Mchoraji wa rangi ya mafuta huiweka rangi kwa mkono wake. Mchoraji wa rangi za maji huyaelekeza maji, nayo maji ndiyo yanayoiweka rangi.

Kanuni kubwa ni moja, na kila mwanafunzi yampasa kuijua kabla hajachora nyumba wala mlima: maji hutoka penye mengi kwenda penye machache. Burashi iliyoshiba ikiigusa karatasi kavu, maji humwagika karatasini. Burashi iliyokamuliwa ikigusa dimbwi lililo juu ya karatasi, hulinywa. Burashi iliyojaa maji ikigusa mahali ambapo rangi imeanza kukauka, maji hayo mapya huvamia, huzisukuma chembe zilizokwisha kutulia, na kuzirundika ukingoni hata likatokea waa lenye mapindo mapindo kama ua la koliflawa. Waa hilo ndilo linalowaliza wanafunzi wetu. Wao hudhani limeletwa na rangi mbaya au mkono mzito, kisha huliongezea maji ili kulifuta, nalo huzidi kupanuka.

Tiba yake ni macho zaidi kuliko mkono. Karatasi iliyoloweshwa hupita katika hali ambazo huonekana wazi ukiinama na kuitazama kwa upande, dhidi ya mwanga wa dirisha. Kwanza hung'aa kama kioo. Hapo maji yangali yanaelea juu, na rangi utakayoitia itakimbia mbali bila kukuuliza. Kisha mng'ao hupungua ukawa kama wa hariri. Huu ndio wakati wa kuchanganya rangi mbili zikayeyukiana kwa upole. Halafu mng'ao hutoweka kabisa, lakini ukiigusa karatasi kwa mgongo wa kidole utahisi ubaridi. Hapa ndipo penye hatari, kwa maana karatasi huonekana kavu ilhali ingali na unyevu ndani, na mawaa mengi ya koliflawa huzaliwa hapa. Dawa ni kuweka burashi chini na kungoja hadi ubaridi uishe. Kungoja ni sehemu ya somo, nasi hatujui kuwafundisha watoto kungoja, kwa sababu kengele nayo haingoji.

Walimu wa sayansi nao wanalo fungu lao hapa. Tone la kahawa likikaukia mezani huacha pete nyeusi ukingoni na weupe katikati. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza katika jarida la Nature sababu yake: ukingo wa tone hukauka upesi kuliko katikati, na maji ya katikati hutiririka kwenda kuziba pengo, yakibeba chembe na kuzirundika huko. Ndivyo ilivyo kwa rangi za maji. Mstari mkali unaozunguka kila doa la rangi lililoachwa likauke peke yake ni pete ile ile ya kahawa. Mwanafunzi aliyeelezwa hivi haudhukii tena mstari ule. Atauzuia akitaka, kwa kuulainisha kwa burashi yenye unyevu mdogo kabla haujakauka. Na akiupenda atautumia, kwa mfano pale jani linapotakiwa kuwa na ukingo wazi.

Mazoezi yenyewe hayana fahari, na labda ndiyo maana yameachwa. La kwanza ni mpako sawa. Mwanafunzi hutengeneza rangi moja ya kutosha, nyingi kuliko anayodhani ataihitaji, kwa sababu ikimwishia katikati hataipata tena iliyo sawa na ile. Huuinamisha ubao wake kidogo kwa kuweka kitabu chini ya upande wa juu. Hujaza burashi na kuvuta utepe mmoja wa rangi kutoka kushoto kwenda kulia. Chini ya utepe ule hujikusanya mfereji mdogo wa maji yenye rangi, na utepe wa pili sharti uuguse mfereji huo na kuuteremsha, na wa tatu vivyo hivyo, hadi chini ya mraba. Mwishoni burashi hukamuliwa kwa kitambaa na kuunyonya mfereji uliobaki. Marufuku kurudi juu kurekebisha. Hapo ndipo utakapoona tabia za watu: yule asiyeweza kuliacha jambo hurudi, hugusa, na kuharibu mpako uliokuwa umekwisha kunyooka.

La pili ni mpako wa kufifia. Mwendo ni ule ule, ila kila baada ya utepe mmoja burashi huongezewa maji safi badala ya rangi, hata rangi iliyoanza nzito juu ikaisha kama pumzi chini. Huu ndio utaratibu wa anga ya asubuhi, ambayo huwa nzito juu na nyepesi karibu na upeo wa macho. Mwingereza Turner, katika mchoro wake wa mlima Rigi wa Uswisi wa mwaka 1842, ule ujulikanao kwa ubuluu wake, aliupa mlima mzima umbo kwa kufifisha rangi ya buluu katika mwanga wa alfajiri. Mtoto wa Nanyuki aamkaye kabla ya jua anaujua mwanga wa namna hiyo juu ya Mlima Kenya. Kinachomkosesha kuuchora ni miraba ishirini ya mazoezi.

La tatu ndilo la kuoanisha rangi mbili. Manjano hushushwa kutoka juu, nyekundu hupandishwa kutoka chini, zote zikiwa na unyevu wa kiasi kimoja, kisha zikutane katikati na ubao uinamishwe huku na huku. Baadaye mikono mbali! Rangi zitajichanganya zenyewe na kuzaa rangi ya machungwa yenye ngazi ambazo hakuna burashi iwezayo kuzichora. Kama moja imeloa kuliko mwenzake, ile yenye maji mengi itaivamia nyingine, na hapo mwanafunzi atakuwa amekutana tena na kanuni yetu kubwa. Mikopo ya maji iwe miwili, mmoja wa kuoshea burashi na mwingine wa maji safi yasiyoguswa na rangi. Darasa lenye mkopo mmoja kwa watoto sita, kama tulivyoona mara nyingi, huchora kila kitu kwa rangi ya tope kufikia nusu ya kipindi, kisha watoto hulaumiwa kwa kutojua kuchanganya.

Kuna neno moja la nyeupe. Katika uchoraji huu wa asili nyeupe haitoki katika kisanduku. Nyeupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kupakwa. Wingu, jicho la ng'ombe, mng'ao juu ya sufuria, vyote sharti viamuliwe kabla burashi haijaloweshwa, maana rangi ikishaingia haitoki yote. Michoro ya maua na ya watu wa jamii zetu iliyochorwa na Joy Adamson, aliyefika Kenya mwaka 1937, imehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa. Ziara za shule huwakimbiza watoto Nairobi kutazama nyoka na mifupa ya kale, na si vibaya, lakini mwalimu wa sanaa angeomba pia nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi wake petali zilizochorwa na mtu aliyejua kuliachia ua mwanga wake.

Jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havitatusaidia ni hali ya hewa yetu. Mwalimu wa Lodwar akilowesha karatasi saa sita mchana itakauka kabla hajamaliza kutoa maagizo. Huyo apewe vipindi vya asubuhi, na awafundishe watoto wake kulowesha karatasi pande zote mbili. Mwalimu wa Limuru mwezi wa Julai ana tatizo la kinyume, kwa kuwa ukungu umelala madirishani na mpako hukaa mbichi hata kipindi kikaisha. Mombasa nako unyevu wa hewa huchelewesha kila kitu. Mpango wa masomo ulioandikwa kwa nchi nzima hauwezi kuyajua haya. Mwalimu ndiye anayeyajua, naye aachiwe uhuru wa kupanga.

Wakuu wa shule watasema fedha hazipo, nao hawasemi uongo. Karatasi iliyotengenezwa kwa rangi za maji, yenye uzito wa gramu 300 kwa kila mita mraba, ni ghali, na haifai kuitafuta kwa kila zoezi. Lakini karatasi ya mashine ya kunakilia, yenye gramu 70 au 80, haiwezi kuyastahimili maji. Huvimba, huinuka vilima na mabonde, na rangi hukimbilia mabondeni. Njia ya kati ipo. Kadi nyeupe ya manila iliyo nene kiasi huloweshwa, hubandikwa ubaoni kwa utepe wa gundi pande zote nne, na kuachwa ikauke ikiwa imekazwa. Ikipakwa rangi baadaye haitajikunja sana. Nayo rangi, tununue chache. Mazoezi mawili ya kwanza yanahitaji moja tu, tena nyeusi inatosha. Hata masizi yaliyosagwa vyema na kuchanganywa na gundi ya mgunga yatafaa, kwani wino wa waandishi wa zamani wa Kiarabu ulitengenezwa kwa vitu hivyo hivyo. Shule iliyonunua visanduku vya rangi ishirini na nne pamoja na karatasi ya kunakilia imetumia fedha zake kinyume.

Linabaki suala la alama. Maadamu tunatathmini mchoro wa mwisho pekee, mwalimu hana sababu ya kutumia majuma matatu katika miraba, na mwanafunzi mwerevu atajifunza kuchora kwa krayoni na kupitisha maji juu yake ili ionekane kuwa rangi za maji. Tunaiomba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na Baraza la Mitihani ziagize kwamba karatasi za mazoezi, pamoja na zile zilizoharibika, ziambatishwe na kazi ya mwisho na zipewe sehemu ya alama. Mwanafunzi aandike kwa penseli kando ya kila mraba maji yalikuwa mengi wapi na yalipungua wapi. Vyuo vya ualimu navyo visimpe mwanafunzi wa sanaa darasa la kufundisha kabla hajaleta miraba yake mwenyewe, yenye tarehe, ikiwemo ile iliyochanua koliflawa.