Shamba la Kukodi na Mwembe Usioruhusiwa

Ukikodi shamba kwa msimu mmoja hapa Mpanda, mara nyingi utaambiwa mapema: usipande mti wa kudumu. Mahindi sawa, karanga sawa, mwembe hapana. Mwenye shamba anaogopa, maana kwenye mashauri ya ardhi mti huwa ushahidi. Naye aliyekodi, asiyejua kama mwakani atapewa tena, ataweka samadi ya nini? Anavuna anachoweza, anaondoka.

Frateri akifungua sheria za Kirumi atakutana na neno emphyteusis. Walatini waliliazima kwa Wagiriki: phyteuein ni kupanda, na en ni ndani. Mzizi huohuo umo katika Yakobo 1:21, mtume anapotaja Neno lililopandwa ndani yetu. Mkulima alipewa ardhi, hasa isiyolimwa, kwa muda mrefu sana au daima, aiendeleze na alipe ada kila mwaka. Ada hiyo iliitwa kanoni (ndiyo, neno lilelile la mitihani yetu). Aliweza hata kuwarithisha wanawe. Wanasheria walibishana kama huko ni kuuza au kukodisha, mpaka Kaisari Zeno, katika karne ya 5, alipoamua kuwa ni mkataba wa aina yake.

Ng'ambo ya ziwa, mkabala na Karema, sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 bado inalitumia neno hilo. Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 hailitaji, lakini hati ya miaka 33, 66 au 99, yenye masharti ya uendelezaji na kodi ya kila mwaka, ni ndugu yake.

Maoni yangu ni kwamba parokia zenye mashamba ya kukodisha ziache mikataba ya msimu. Zitoe miaka 15, kwa maandishi, na sharti liwe kupanda: miembe mingapi, michungwa mingapi. Tunaogopa kunyang'anywa? Justiniani, katika karne ya 6, aliruhusu mkulima aondolewe asipolipa kwa miaka 3. Kwenye ardhi ya Kanisa, miaka 2 tu. Ukali ulikuwa kwenye malipo, si kwenye miti.

Kanoni 1297 inaliachia Baraza la Maaskofu kuweka taratibu za kukodisha mali ya Kanisa, hasa kibali. Kwa hiyo paroko aanzie kwa Askofu, mkataba ukiwa mkononi, kabla mvua za Novemba hazijaanza na mashamba kugawiwa tena kwa msimu mmoja.